Kama Huna Mtu Mombasa, Anza na Maji

Vijana wanaokuja kunywa chai kwangu hapa Mikindani, wengi ni wa kazi za Changamwe na bandarini, hunambia neno moja: "Mama, huku sina mtu." Hunambia hayo wakiwa na sahani ya mbaazi mkononi, benchi limejaa kushoto na kulia. Siwacheki. Nawaandikia tu, maana nikiwa nageuza mahamri siwezi kueleza mpaka mwisho.

Usianze na watu, anza na maji. Tazama mwezi. Ukiandama, na ukiwa mpevu, siku zinazofuata ni bamvua: maji hupanda sana na hukauka sana, na tofauti yake yaweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayendi mbali. Siku za bamvua hapa kwetu maji hukauka mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Ukikosea hesabu, bora zaidi, kwani sasa una la kumuuliza mvuvi anayeshona wavu: "Ami, leo maji yanarudi saa ngapi?" Mtu aliyekuitikia salamu bila kuinua kichwa atauweka wavu chini akueleze. Mambo ya kabila na kodi ya nyumba yaache kwanza.

La pili, panda mkoko. Hapa nitakaa kidogo, maana wengi hupanda kwa ajili ya picha.

Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti, ikaning'inia ndefu na nyembamba. Usiing'oe kwa nguvu. Iliyokomaa huachia ukiigusa, au utaikuta imeshaanguka. Kagua isiwe na matundu ya wadudu. Ncha iliyochongoka iende chini, kichipukizi kibaki juu, uizamishe kiasi cha theluthi moja tu. Toka hapo hatua moja ndefu, kama mita, ndipo uchomeke nyingine. Na usipande penye tope wazi eti kwa kuwa pana nafasi. Panda palipokuwa na mkoko kabla, na mahali pa mchu, ule mti mwingine wa mikokoni, pawachie mchu. Wazee wa ufukoni wanapajua, na hilo ni swali lako jingine la kuwaendea.

Kisha urudi. Kaa watakuwa wamekula baadhi, takataka za mfereji zitakuwa zimelalia nyingine. Ondoa, chomeka upya. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kule Mwache, ukafukia mizizi inayovuta hewa, na mikoko mikubwa ikafa imesimama. Mti wa tope hauhitaji mengi, lakini usipoangaliwa huondoka kimya. Wewe unayekula kamba na samaki wa hapa unadaiwa na mkoko, kwani wengi wao hukulia humo humo mizizini.

Deni ndilo neno langu hasa. Jirani akikuletea sahani ya futari au wali wa sikukuu, usimtumie pesa kwenye simu. Nimewaona wanaofanya hivyo, tena kwa adabu kabisa, na sahani haiji tena. Pesa imefunga hesabu. Kaa nayo siku mbili tatu, uirudishe na kitu juu yake: embe ngowe mbili, ndimu, sukari robo. Isirudi tupu, wala isirudi siku ile ile. Naye ataleta tena, nawe utarudisha tena, na hesabu hiyo msiimalize. Mpangaji aliyelipa kila kitu taslimu anaweza kuhama usiku na asubuhi asiulizwe.

Msibani usingoje mwaliko. Keti chini ya turubai, sema poleni, nyamaza. Kukiwa na maji ya kuteka, teka. Jeneza likiinuliwa, toa bega. Harusi ndiyo ya kungoja kadi.

Kuna wanaonijia na habari ya kiboko Owen na kobe Mzee wa Haller Park, kule Bamburi, wakidhani undugu huja wenyewe. Ile habari naipenda pia, ila wanairuka nusu yake. Kiboko yule mtoto aliokolewa baharini Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa peke yake. Kobe, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi, mwanzoni hakumtaka. Alimfokea, akasogea mbali. Mtoto akamfuata, akajilaza karibu, na siku nyingine vivyo hivyo, mpaka wakawa wanakula na kulala pamoja. Basi mzee wa barazani akikuitikia "marahaba" halafu akageukia bao lake, usinune. Kesho pita njia ile ile, saa ile ile, sema shikamoo tena.

Wa kwenda topeni siku ya bamvua, njoo na viatu vya zamani vya kufunga kamba. Ndara zitabaki humo, na miguu mitupu itachanwa na magamba ya chaza. Suruali ivuke goti, maji ya kunywa uchukue mwenyewe. Mahamri ukiyataka, njoo kabla ya saa tatu.