Chaza wanaodumaa: namna ya kuwahesabia kromosomu

Kundi la chaza linaweza kuzaliwa siku moja, kwa wazazi walewale, likalelewa kwenye tangi moja, na bado baada ya miezi kadhaa ukakuta wengine wamenenepa na wengine ni kama wameletwa jana. Wa kwanza kulaumiwa huwa ni maji, halafu chakula, halafu msongamano. Yachunguze yote hayo kwanza, maana mara nyingi ndiyo chanzo. Yakishapita na tofauti ikabaki, ndipo watu huniletea mimi vifaranga wao niwaweke chini ya hadubini.

Chaza wa Pasifiki, huyu anayefugwa sehemu nyingi duniani, ana kromosomu 20, yaani vijiti vidogo vinavyobeba urithi, katika kila seli ya mwili: jozi 10. Lakini chaza ana tabia ambayo wanyama wengi wasingeistahimili: baadhi ya seli zake hupoteza kromosomu moja, mbili au tatu, naye anaendelea kuishi. Hali hiyo huitwa aneuploidi. Mwaka 2001 Alexandra Leitão, Pierre Boudry na Catherine Thiriot-Quiévreux walichapisha ushahidi uliokusanywa kwa miaka kumi: kadiri chaza anavyokuwa na seli nyingi zenye upungufu, ndivyo anavyokua polepole.

Anza na uchaguzi wa vifaranga, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi huharibika kabla hata ya maabara. Wote wawe ndugu, wa umri mmoja, wa tangi moja. Ukichanganya familia mbili hutajua umepima nini. Pima urefu wa gamba na uzito wa kila mmoja, kisha chukua wakubwa, wadogo, na wa kati pia. Walio wengi huwaruka wa kati ili tofauti ionekane kali, lakini bila hao utapata ncha mbili tu na hutaona uhusiano wenyewe. Mpe mtu mwingine kazi ya kuwapa namba, ukubwa wao abaki nao yeye. Jicho linalojua kwamba huyu ni mdumavu litamwona na upungufu hata asipokuwa nao.

Siku kadhaa kabla ya kazi walishe vizuri mwani mdogo wa majini. Unatafuta seli zinazogawanyika, na chaza mwenye njaa hana nyingi za hivyo.

Kisha waweke wakiwa hai kwenye maji ya bahari yenye kolchisini ya asilimia 0.005, kwa muda wa saa nane hivi. Dawa hii huzuia nyuzi zinazovuta kromosomu, kwa hiyo seli hukwama katikati ya kugawanyika, kromosomu zikiwa zimejikunja na kuonekana vizuri. Ni sumu kwako pia: vaa glavu, na maji yaliyobaki yasimwagwe baharini wala kwenye sinki.

Toa matamvua, maana ndiko kwenye seli changa nyingi. Yaloweke nusu saa kwenye sodiamu sitrati ya asilimia 0.9 iliyotengenezwa kwa maji yaliyokenekwa. Seli zitavuta maji na kuvimba, na kromosomu zitaachana. Halafu zihifadhi zisibadilike kwa mchanganyiko wa alkoholi safi sehemu tatu na asidi asetiki sehemu moja, ukiubadilisha mara tatu, dakika 20 kila mara. Uchanganye siku hiyohiyo. Wa jana umekwisha nguvu.

Kipande cha tamvua kitie kwenye asidi asetiki ya asilimia 50 mpaka seli ziachane na kimiminika kiwe na ukungu kidogo. Dondosha tone kwenye slaidi, yaani kioo cha hadubini, yenye joto la nyuzi 44 hivi, kisha livute tena kwa pipeti mara moja. Litaacha duara jembamba lenye seli. Kwenye slaidi moja zinaenea duara kadhaa. Zikikauka, tia rangi ya Giemsa ya asilimia 4, dakika 10, suuza, kausha.

Sasa kuhesabu, na hapa sina haraka. Seli ikipasuka wakati wa kudondoshwa, kromosomu zake hutawanyika na moja huweza kukimbilia mbali. Ukihesabu 19 hapo, umehesabu ajali ya pipeti. Mimi huhesabu seli ambazo kromosomu zake zimekaa pamoja, duara limefunga, hakuna iliyolaliana na nyingine, wala kromosomu ya peke yake pembeni. Yenye shaka naiacha, hata kama ni ya 20 kamili, kwa sababu ukizitupa zenye upungufu tu utakuwa umejichagulia jibu. Seli 30 nzuri kwa kila chaza zinatosha. Kama 6 kati ya hizo hazikufika 20, huyo ana aneuploidi ya asilimia 20.

Ukikuta seli zote zina 30, usishtuke, na usimwite mgonjwa. Huyo ni triploidi, mwenye seti tatu kamili, aliyetengenezwa makusudi. Mara nyingi hukua haraka kuliko wa kawaida kwa kuwa hamalizi nguvu kwenye mayai na mbegu za kiume. Watu huchanganya mambo haya mawili kila siku: seti nzima ikiongezeka mizani inabaki, kromosomu moja ikipotea mizani inavunjika. Mashine inayopima wingi wa DNA, kemikali ya urithi iliyomo kwenye kromosomu, itakutambulia triploidi kwa dakika chache, lakini kromosomu moja iliyopotea huipita kimya, kwa hiyo hadubini haina mbadala hapa.

Majibu yakishapatikana, mfugaji hahitaji kuhesabu kromosomu za kila kifaranga. Kuchambua kwa chekeche na kuwaondoa wanaobaki nyuma mapema kunapunguza pia wenye upungufu. Kazi kubwa iko kwa mwenye kituo cha kutotolesha: majaribio yameonyesha kwamba wazazi wenye aneuploidi kubwa huzaa watoto wenye aneuploidi kubwa, kwa hiyo chunguza wazazi. Chunguza pia mashamba yaliyo juu ya mto unaomwaga maji hapo. Atrazini, dawa ya kuua magugu, imethibitika kuongeza aneuploidi kwa chaza waliowekwa ndani yake.

Slaidi usizioshe. Zihifadhi kwenye boksi kavu, kila moja na namba yake, pamoja na orodha ya seli ulizoziacha na sababu. Mwenye kituo akiambiwa tatizo ni wazazi wake na si chakula, atataka kuziona kwa macho yake.