Picha moja kwa siku, kutoka Kigamboni hadi Magogoni

Mama alipofariki, nilifungua simu kutafuta picha yake akiwa amekaa juu ya mbuzi, sinia chini ya ulimi wa chuma, anakuna nazi ya jioni. Picha zake nilikuwa nazo nyingi: za harusi, za Idi, za sare na wenzake wa kikundi. Ya mbuzi sikuwa nayo hata moja. Nilimwona hivyo kila jioni ya utoto wangu na sikuwahi kumpiga picha, kwa kuwa nilidhani yupo tu. Arobaini ilipopita nikaanza kupiga picha moja kila siku. Huu ni mwaka wa nne, na nataka nikueleze ninavyofanya ili nawe uanze na simu hiyohiyo uliyonayo.

Kwanza chagua kipande cha siku. Usianze kwa kutafuta kitu cha kupiga. Mimi nakaa Kigamboni, kazi yangu iko mjini, kwa hiyo kipande changu ni pantoni ya asubuhi, kivuko cha kwenda Magogoni. Chako kinaweza kuwa zile dakika za kusubiri maji ya chai yachemke, au foleni ya daladala. Kiwe kitu unachokifanya tayari, maana muda mpya huupati.

Kipande hicho kikifika, simu ibaki mfukoni. Kazi yenyewe iko hapa. Nikishapata pa kusimama navuta pumzi tatu taratibu, kisha nasikiliza kabla sijaangalia: mngurumo wa injini unaopanda kwenye nyayo, mnyororo wa mlango wa chuma, mtu wa baiskeli akiomba njia. Ndipo natafuta mwanga umetua wapi. Asubuhi moja ulitua kwenye beseni la vitumbua la mama mmoja. Nailoni aliyolifunikia ilikuwa imeshika mvuke, na kila pantoni ilipotikisika matone yaliungana, yakateleza. Nilifuata tone moja tangu katikati mpaka ukingoni, na kwa muda wote huo sikuwaza kodi ya nyumba wala madeni. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Naomba nipige picha beseni lako, wewe hutaonekana." Akaitikia, akalisogeza kidogo lipate jua.

Omba kila mara, hata kama ni mikono tu. Na ukiwa pantoni yetu, kamera ielekee majini au sakafuni, kwani Ikulu iko jirani pale Magogoni na haipigwi picha.

Ukishaangalia vya kutosha, bonyeza mara moja. Miezi ya mwanzo nilikuwa nabonyeza mara kumi, kumi na mbili, kisha nainama kuchagua iliyo bora. Nikainua kichwa, tumeshafika, na mwanga niliokuwa naufuata umehama. Kilichonirekebisha ni habari za Jamie Livingston wa New York, aliyepiga picha moja ya Polaroid, ile inayotoka kwenye kamera papo hapo, kila siku kuanzia Machi 31, 1979 hadi Oktoba 25, 1997, siku aliyofariki. Nyingi ni za mambo madogo ya nyumbani na ya marafiki. Ile moja tu kwa siku ndiyo iliyonishika. Ukijua una nafasi moja, macho hufanya kazi kabla ya kidole.

Ya simu yenyewe ni machache. Futa lenzi kwa ncha ya kanga, maana chumvi ya bahari na jasho la mfukoni huitia ukungu. Usivute picha kwa vidole, sogea kwa miguu. Gusa kioo mahali penye mwanga mkali ili pasiungue na kuwa peupe. Saa moja asubuhi vivuli ni virefu na kila kitu kina umbo, saa sita uso hupata mashimo ya giza machoni. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na Oktoba 10, jua la Dar es Salaam la mchana husimama utosini kabisa. Siku hizo piga kivuli chako, utakikuta kimejikunja chini ya miguu.

Siku ukiona huna cha kupiga, rudia cha jana. Kwa miezi miwili nilipiga ukuta uleule wa gati, pale maji yanapoacha mstari. Bahari huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo pantoni ya saa ileile haikuti maji yaleyale. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mstari hupanda juu sana na maji hupwa mbali, ndilo bamvu. Kati ya hapo, maji mafu, mstari husogea kidogo tu. Nimezaliwa pwani, lakini bamvu nililijua vizuri kwenye ule ukuta.

Jioni ipe picha jina la tarehe, mwaka ukitangulia, nazo zitajipanga zenyewe. Andika na sentensi moja: ulisikia nini, kulikuwa na harufu gani. Nafasi isikutishe. Picha ya megabaiti 3 kwa siku 365 ni gigabaiti moja na kidogo. Siku uliyoikosa iache wazi, usiijazie kesho yake. Mimi nina pengo la siku tisa za malaria, na nikilifikia huwa nakumbuka shuka na uchungu wa dawa.

Kila mwisho wa mwezi nasafisha picha sita au saba studio, nampelekea baba. Huzishika moja moja, mbali kidogo na macho, bila kusema. Mwezi uliopita alisimama kwenye ile ya ukuta wa gati akaniuliza, "Hapa maji yalikuwa yanajaa au yanapwa?"

"Yanapwa, baba. Ndiyo kwanza yalikuwa yameanza."