Dubai na mtoto wa kaka

Kabla ya tiketi, shughulikia barua. Mtoto wa kaka yangu ana miaka 7 na jina letu la ukoo ni moja, lakini hilo halimtoshi ofisa wa uhamiaji. Chukua barua ya ruhusa iliyosainiwa na wazazi wote wawili mbele ya wakili, nakala za vitambulisho vyao na cheti cha kuzaliwa. Safari yetu ya kwanza niliviweka kwenye begi kubwa, nikalifungua sakafuni uwanja wa ndege, chupi nje nje. Siku hizi navibeba kwapani.

Usiende Julai wala Agosti. Joto hupita nyuzi 40. Nenda Desemba, na sweta usiache, maana ndani ya maduka kuna kiyoyozi cha kugandisha meno.

Panga jambo moja asubuhi, moja jioni, katikati alale. Mimi nilipanga majumba marefu. Yeye alichopenda ni abra, kile kiboti cha mbao cha kuvukia hori, ule mkono wa bahari unaopita katikati ya mji, kutoka mtaa wa Deira hadi mtaa wa Bur Dubai. Nauli dirhamu 1. Tulivuka mara nne, nahodha akaanza kutucheka.

Kwenye metro kuna behewa la wanawake na watoto, pandeni hilo. Biskuti zibaki mkobani: kula humo ni faini.

Namba yako mwandikie mkononi kwa kalamu ya wino. Na mama yake mpigie kila jioni kabla hajakupigia yeye, wifi hana subira.