Somo: Kwa nini linki inakata ujumbe, na jinsi ya kusimba alama kwenye anwani

Wiki jana mama mmoja anayeuza samaki Kibuye, hapa Kisumu, alinipigia simu. Nilikuwa nimemtengenezea linki ya WhatsApp: mteja akiibonyeza, oda inatokea ikiwa imeshaandikwa, yeye anatuma tu. Oda yenyewe ilikuwa "Nataka mbuta 2 & omena gorogoro 1". Lakini simu yake ilikuwa ikipokea "Nataka mbuta 2", basi. Siku tatu nzima omena haikuagizwa hata mara moja, na yeye alidhani wateja wamemhama. Kosa lilikuwa langu, na chanzo chake ni alama moja: ile &.

Nimeamua kuandika somo hili ili lisimpate mtu mwingine anayetegemea linki kuuza.

Tuanze na jinsi mashine inavyosoma anwani. Haiisomi kama sentensi, inaikata vipande. Mkwaju (/) hutenga ngazi za njia. Kiulizi hufungua sehemu ya maelezo ya ziada. Alama ya = hukaa kati ya jina na thamani yake, na & hutenga jozi moja na inayofuata. Alama ya reli, #, huanzisha kipande ambacho kivinjari hubaki nacho, hakifiki kwa seva, yaani kompyuta inayohifadhi ukurasa. Kwa hiyo & niliyoiandika kwa maana ya "na" ilisomwa kuwa mpaka. Omena ikaangukia ng'ambo ya pili, ambako hakuna aliyeitafuta.

Kanuni ya leo ni RFC 3986, hati inayoeleza anwani za mtandao zinavyoandikwa, iliyotungwa na Tim Berners-Lee, Roy Fielding na Larry Masinter, ikatoka Januari 2005. Kwa kanuni hiyo, zinazopita popote bila kuguswa ni herufi A hadi Z kubwa na ndogo, tarakimu 0 hadi 9, kistari, nukta, kistari cha chini na ~. Alama nyingine ikiwa ni sehemu ya maneno yako, isimbe, yaani iandike kwa msimbo unaoanza na %.

Hatua ya 1. Tenga maneno yako na kiunzi cha anwani. Kiunzi ni https://wa.me/2547XXXXXXXX?text= na hakiguswi. Maneno ni ile oda. Wengi hukosea hapa: wanaisimba anwani nzima, mpaka kiulizi na mikwaju, kisha wanashangaa haifunguki.

Hatua ya 2. Geuza kila alama ya kusimbwa iwe % ikifuatwa na tarakimu mbili za mfumo wa kumi na sita, yaani 0 hadi 9 kisha A (10) hadi F (15). Katika ASCII, orodha ya kompyuta inayopa kila alama namba yake, & ni namba 38. Gawanya kwa 16: unapata 2, baki 6. Basi ni %26. Nafasi ni 32, yaani 2 baki 0: %20. Ritifaa (') ya neno ng'ombe ni 39: %27. Ukifanya tatu kwa kalamu, hutasahau tena.

Oda ya mama sasa inakuwa:

https://wa.me/2547XXXXXXXX?text=Nataka%20mbuta%202%20%26%20omena%20gorogoro%201

Unaweza kusema nafasi umekuwa ukiziacha na linki inafanya kazi. Ni kweli, kivinjari huzisimba chenyewe. Lakini & kivinjari hakiwezi kukusimbia, kwa sababu hakijui kama umeikusudia kuwa mpaka au neno.

Hatua ya 3. Herufi zilizo nje ya ASCII. Ndugu zetu wanaoandika Gĩkũyũ wana ĩ na ũ, na hizi hazimo katika zile alama 128 za ASCII. Hupitia kwanza UTF-8, mfumo wa kugeuza herufi kuwa baiti (vipande vya data) ambao Ken Thompson na Rob Pike waliubuni mwaka wa 1992. Herufi ũ ni namba 361 katika Unicode, orodha ya namba za herufi za lugha za dunia. Kwa namba kati ya 128 na 2047, gawanya kwa 64: hapa unapata 5, baki 41. Jumlisha 5 na 192, ni 197, yaani C5. Jumlisha 41 na 128, ni 169, yaani A9. Herufi moja, baiti mbili: %C5%A9. Neno mũgũnda linakuwa m%C5%A9g%C5%A9nda. Jaribu ĩ mwenyewe, ni namba 297. Ukipata %C4%A9 umeelewa.

Hatua ya 4. Kazini, iachie programu. Lugha za kuandikia programu zina amri tayari: JavaScript ina encodeURIComponent, PHP ina rawurlencode, Python ina quote ndani ya urllib.parse. Angalia: quote huuacha mkwaju ulivyo usipoiambia vingine.

Hatua ya 5. Simba mara moja tu. Ukirudia, % nayo inasimbwa kuwa %25, na %20 inageuka %2520. Ukiona 25 baada ya kila asilimia, tafuta mahali kazi ilipofanyika mara mbili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali kutoka Nakuru: Mwalimu, fomu yangu inatoa + badala ya %20. Ni makosa?

Jibu: Si makosa, dada. Fomu zina desturi yao ya zamani: baada ya kiulizi, nafasi huandikwa +. Kabla ya kiulizi, + ni + tu. Hatari iko kwenye namba za simu. Ukituma +254 bila kuisimba, seva ya fomu inaona nafasi kisha 254. Andika %2B254.

Swali kutoka Kakamega: Nina ukurasa wa bei za ng'ombe. Nikichapa anwani kwenye kompyuta unafunguka, nikichapa kwenye simu naambiwa haupo. Neno ni lile lile!

Jibu: Macho yanaona lile lile, mashine inaona mawili. Kibodi ya simu mara nyingi hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Iliyonyooka ni %27, iliyopinda ni %E2%80%99. Kwenye jina la ukurasa ningeiacha ritifaa kabisa, ndugu, niandike ngombe. Kichwa cha habari kibaki na tahajia sahihi.

Swali kutoka Molo: Nikiweka ũ kwenye jina lenyewe la tovuti, nitumie %C5%A9?

Jibu: Hapana. Jina la tovuti lina njia yake, Punycode, na huanza na xn--. Asilimia ni za njia na maelezo yanayofuata.

Swali kutoka Kisumu: Nikisimba namba ya kitambulisho cha mteja, watu hawataisoma?

Jibu: Wataisoma. Tarakimu hazibadiliki hata kidogo, na hata ukizigeuza kwa nguvu, yeyote anazirudisha kwa sekunde moja. Huku si kuficha, ni kupanga alama zisigongane. Anwani nzima hubaki kwenye historia ya kivinjari na kwenye kumbukumbu za seva. Itoe namba hiyo kwenye anwani leo hii, itumwe kwa POST, njia ya fomu isiyoweka maelezo kwenye anwani, juu ya https.