SOMO: Karanga za kutembea nazo, kilo moja wiki mbili (msinifuate tena inboksi)

Wakuu habari za jioni. Naandika hii mara moja tu, maana kila wiki kuna mtu ananifuata "mkuu zile karanga zako unafanyaje zinakuwa kavu vile", namjibu, kesho yake anakuja mwingine na swali lile lile. Mi nakaa Mbagala kazi Kariakoo, alfajiri niko njiani, zamani ilikuwa foleni ikikaza tu nanunua maandazi na soda dirishani, mshahara unakata kabla ya tarehe kumi na tumbo bado linanguruma. Siku hizi natembea na kichupa cha karanga. Kilo moja inanipeleka wiki mbili, na humo humo kuna jirani wa dukani ambaye hajawahi kununua yake.

1. Nunua karanga kavu zilizomenywa, kilo moja. Wiki iliyopita nilichukua kwa 4,500, sokoni kwenu mtajua wenyewe.

2. Mwaga kwenye ungo uchambue. Zilizosinyaa, zenye madoa, zenye ukungu au harufu ya uvundo, tupa. Usione uchungu wa hela na usijidanganye kwamba moto utaua kila kitu, sumukuvu, yaani ile sumu inayoachwa na kuvu (ukungu), haiondoki yote kwa kukaanga. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa mahindi yenye hiyo sumukuvu, na karanga inashambuliwa na kuvu hao hao.

3. Vijiko viwili vya chai vya chumvi kwenye nusu kikombe cha maji ya moto, mwagia, geuzageuza, acha dakika 20.

4. Chuja, anika juani mpaka ngozi ikauke. Kama saa moja hivi.

5. Kaanga. Sasa hapa tulieni. Sufuria nzito, mkaa uliopoa kidogo au gesi ya chini, mwiko hauachi mkono, mi hunichukua kama dakika 20 ila msikariri saa, angalieni karanga. Nilishaunguza kilo mbili nzima kwenye hatua hii, siku mbili tofauti, kosa lile lile. Nilikuwa naonja ikiwa ya moto, naiona laini kama iliyochemshwa, najiambia bado, naongeza dakika, naonja tena bado laini, naongeza. Kumbe KARANGA YA MOTO HAIWI KAVU HATA IWE IMEIVA, inakakamaa ikipoa. Zilipopoa zilikuwa chungu kama dawa ya malaria, wife akaniuliza nimekaanga mkaa au nini. Kwa hiyo: toa tatu, zipulize mpaka zipoe kabisa, ndo utafune. Ngozi ikianza kupukutika yenyewe na ndani pana rangi ya maziwa yenye chai kidogo, epua. Na ukiepua usiziache kwenye sufuria, ile sufuria bado inapika, mwaga kwenye sinia pana saa hiyo hiyo.

6. Acha zipoe hadi ukigusa chini ya rundo ni baridi. Ukifunika za moto zinatoa jasho, zinalegea, na ukungu unarudi.

7. Chupa KAVU yenye mfuniko unaobana. Basi.

MASWALI

Chapakazi: Chumvi kiasi gani mkuu?
— Hatua ya 3.

Chapakazi: Nimeona. Maji je?
— Hatua ya 3.

Kijana wa Goms: Mkuu zangu zimeungua, hili somo lako halifanyi kazi.
— Ulionja zikiwa za moto?
Kijana wa Goms: Ndio, zilikuwa laini nikaongeza dakika tano.
— Sasa hapo somo limekosea wapi?

Mdadisi: Shukrani mkuu. Naomba kuuliza, kwanini wale wauzaji wa barabarani wanakaangia kwenye mchanga?
— Swali zuri hili. Mchanga ukishapata moto unaizunguka karanga pande zote, kwa hiyo haiungui ule upande uliolalia sufuria tu. Nyumbani tumia chumvi ya mawe badala ya mchanga, ipashe kwanza, tia karanga, ukimaliza chekecha na chumvi hiyo itunze ya kukaangia tena. Ukifanya hivyo ruka hatua ya 3 na 4. Ukijaribu njoo utuambie.

Mama Wawili: Kaka naweza kumfungia mwanangu wa miaka mitatu aende nazo shule?
— Dada yangu hapana, si nzima. Chini ya miaka mitano karanga inampalia mtoto kirahisi sana. Saga iwe laini, mpakie kiasi kidogo kwenye mkate au kiazi kitamu. Na kama hajawahi kula karanga, mwanzishie nyumbani umwangalie, wapo zinaowadhuru.

Mzee wa Presha: Na sisi wa presha?
— Kaanga bila chumvi mzee wangu, shikamoo. Na usimalize chupa, kiganja kimoja kinatosha, karanga ina mafuta mengi japo kwenye gramu 100 protini ni kama gramu 25.

Wa Nairobi: Kwani hizi si ni njugu tu?
— Huku ukisema njugu tunaelewa njugu mawe. Hizo tunachemsha, tamu balaa, ila zinaliwa siku hiyo hiyo, hazilali kwenye begi.

Mbeba Boksi Muscat: Mi nachanganya na tende, tende tatu na kiganja cha karanga nafika jioni bila kugusa hoteli.
— Hii naiba.

Mhaya Original: Mnaongelea karanga hamjawahi kutembea na senene wakavu nyie. Msimu ukifika naleta.
— Niwekee kopo moja. Nalipa kwa karanga.
Mhaya Original: Karanga kwa senene? Ongeza na nauli.