SOMO: Mafuta kwenye chakula cha vifaranga vya sato na kambale

Wakuu, hili swali la "niweke mafuta kiasi gani" nimelijibu mpaka basi, naliandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

1. Saga malighafi zote laini, chekecha.

2. Changanya vikavu kwanza: dagaa, soya, pumba, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini).

3. Mafuta. Hapa ndo watu wanaua vifaranga. Kifaranga wa sato anataka asilimia 6 hadi 10, kambale hata 12 anaimudu, lakini hiyo ni JUMLA, dagaa ana mafuta yake tayari na soya isiyokamuliwa inakaribia asilimia 20, sasa mtu anavyo vyote viwili halafu anamimina tena chupa ya alizeti. Kama soya yako ni mashudu (iliyoshakamuliwa mafuta), vijiko 2 vya chakula kwa kilo vinatosha, kama gramu 28. Kama ni nzima, usiongeze.

Na yasiwe yamechacha! Chukua dagaa aliyesagwa, weka kiganjani na tone la maji moto, sugua, nusa. Ikikupiga harufu kama ya rangi ya mafuta ya kupaka ukutani, au ukilamba koo linakereketa, usilishe. Mafuta yaliyochacha yanamaliza vitamini E, samaki anasusa chakula na ini linaharibika. Pumba laini za mpunga ndo hatari zaidi, siku chache tu baada ya kukobolewa zinaanza kuchacha, chukua za leo mashineni.

4. Mimina kidogo kidogo huku unafikicha kwa mikono, ndo uweke maji.

5. Kausha kivulini, funga vizuri, usikae nacho zaidi ya mwezi.

MASWALI

– Mkuu nina mafuta yaliyobaki ya kukaangia chipsi, yanafaa?
– Hapana. Soma namba 3, pale kwenye kuchacha.

– Mbona mi natumia na hawafi?
– Kutokufa sio kukua. Wapime uzito kwanza ndo tubishane.

– Mkuu, nimepasua kifaranga, utumbo umezungukwa na mafuta meupe na ini limepauka. Dagaa ni freshi kabisa. Shida nini?
– Safi sana kwa kupasua, wengi hawafanyi. Hapo naona mafuta yamezidi. Mafuta yana nguvu nyingi, samaki anashiba mapema kabla hajapata protini ya kutosha, na kifaranga mdogo anataka protini asilimia 40 kwenda juu, kwa hiyo ananenepa tumboni badala ya kurefuka. Toa yale ya kuongeza, punguza na kiasi unacholisha, halafu baada ya wiki kadhaa pasua mwingine ulinganishe. Tuletee majibu hapa.

– Huku Kigoma mawese ndo rahisi, vipi?
– Kwa sato yanafaa ila omega 6 yake (aina ya mafuta ambayo mwili wa samaki hauwezi kujitengenezea) ni ndogo na ndo anayoihitaji zaidi, changanya nusu kwa nusu na alizeti. Yakiganda yapashe kidogo kwanza. Kambale usimwondolee dagaa, omega 3 anaipata humo.

– Nyongeza wadau: dagaa nunueni wa kwenye chanja, wa kuanikwa chini unalipia na mchanga.
– Kweli kabisa, na mchanga unamaliza nyundo za mashine ya kusagia.