Somo: Kulima boga kubwa nyumbani kuanzia mbegu (soma lote kabla ya kuuliza)

Mvua ikikaribia tu, ujumbe unaanza kuingia: "Boga langu limetoa maua mengi, yote yameanguka, nifanyeje?" Nimelijibu swali hili hadi nimechoka, kwa hiyo leo naandika kila kitu mahali pamoja. Ninalima Bugembe, jirani na Jinja mjini, Uganda, kwenye kiwanja nyuma ya nyumba. Boga langu kubwa kuliko yote mpaka sasa lilikuwa na kilo 83. Wanaume watatu walilibeba kwenye gunia mpaka mizani ya duka la mahindi.

1. Mbegu. Ensuju yetu ya kawaida (boga la kienyeji), hata uilishe namna gani, haitafika huko. Ukubwa umo ndani ya mbegu. Tafuta Atlantic Giant, mbegu ambayo Howard Dill wa Nova Scotia, Kanada, aliichagua na kuiboresha kwa miaka mingi. Maboga ya rekodi ya leo yametoka katika ukoo huo. Lile la Travis Gienger wa Minnesota, Marekani, lilifika kilo 1,247 mwaka 2023. Lakini kule katikati ya majira ya joto mwanga wa mchana unapita saa 15. Sisi wa ikweta tuna saa 12 hivi mwaka mzima, basi mtu akipata kilo 60 hapa amefanya kazi ya kweli. Kuagiza mbegu nje ya nchi kunahitaji kibali cha Wizara ya Kilimo, usizifiche kwenye begi.

2. Shimo. Upana hatua moja, kina mpaka goti. Jaza udongo wa juu na samadi iliyooza kabisa. Samadi ya kuku ikiwa bado inanuka, haijaiva.

3. Kuotesha. Sugua kingo za mbegu kidogo kwa msasa, uache ncha. Panda kwenye kavera (mfuko wa plastiki) yenye udongo, ncha ikitazama chini, mwishoni mwa Februari au mwezi wa nane. Kukiwa na joto huota ndani ya wiki moja. Jani la kwanza lenye umbo la jani la boga likifunguka, hamishia shimoni bila kuvunja udongo wa mizizi.

4. Shina na matawi. Mmea mmoja unataka nafasi ya mita tano kwa tano, au zaidi. Elekeza shina kuu upande mmoja, matawi ya pembeni yatoke kulia na kushoto, na vitawi vinavyoota juu ya matawi hayo uvikate. Kila kifundo kifukie kwa udongo kidogo, kitatoa mizizi yake. Tandaza makapi ya miwa au maganda ya kahawa.

5. Maua. Maua ya kwanza ni madume na yote yataanguka. Ndivyo yalivyo. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake, dume lina kikonyo kitupu. Jike likifunguka alfajiri, chuma madume mawili au matatu, yavue petali, upake chavua kwenye kile kichwa cha njano kilicho katikati ya jike, pande zake zote. Fanya kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu mchana ua limeshafunga. Mvua ikitishia, lifunike kwa kavera mpaka jioni. Chagua jike lililo mita tatu hivi kutoka shimoni ulipopanda. Viboga vingine, boga lako likishashika, vyote utoe. Mmea mmoja, boga moja.

6. Kugeuza boga. Hapa tulia usome polepole, maana hapa ndipo nilipopoteza msimu mzima. Boga likifika ukubwa wa chungwa, angalia kikonyo chake kinavyokutana na shina. Mara nyingi boga limelalia shina. Likinenepa, bega lake litasukuma shina, kikonyo kitavutwa, na siku moja utakuta limejing'oa lenyewe. Dawa ni kuligeuza kidogo kidogo mpaka kikonyo na shina vifanye herufi T. Mimi nilichelewa, boga likawa kama sufuria ya lita tano. Nikatoka saa moja asubuhi, umande bado umelala juu ya majani, nikalishika kwa mikono miwili nikalizungusha upana wa vidole vinne kwa mara moja. Nikasikia tak! Kikonyo kilipasuka palepale kilipoungana na shina, maji yakaanza kutoka tone baada ya tone, na sikuwa na la kufanya. Msimu ukaishia hapo, maana viboga vingine nilikuwa nimeshavitoa.

Kwa hiyo: USIGUSE boga asubuhi. Usiku mmea hujaa maji, na kikonyo huvunjika kama karoti. Ngoja saa tisa alasiri, jua likiwa limekilegeza. Sogeza vidole viwili tu, liache, rudi kesho. Wiki nzima ikipita ndivyo inavyotakiwa. Mizizi ya vifundo vilivyo karibu na boga, kama nusu mita kila upande, ikate, ili shina liweze kuinuka boga linapopanda. Usipoikata, boga litainuka, shina litabaki limefungwa chini, na hapo litapasuka tena.

7. Malezi. Chini ya boga weka mchanga mkavu, juu yake kivuli cha gunia. Maji yawe yale yale kila siku, kwenye mizizi, siyo juu ya majani. Ukiliacha na kiu wiki nzima kisha ukalimwagia jerikani sita, ganda litapasuka.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Walukuba: Maua yangu yanaanguka, shida ni nini?

*Jibu:* Hatua ya 5.

Kijana wa Walukuba: Nimesoma, bado yanaanguka.

*Jibu:* Nyuma ya ua kuna kiboga au hakuna? Kama hakuna, ni dume. Nenda shambani uangalie, kisha urudi.

Mkulima Iganga: Niliweka yurea vikombe viwili likue haraka. Majani ni makubwa kama mwavuli lakini boga hakuna.

*Jibu:* Ulilisha majani, yakakua majani. Katika somo lote sijataja yurea hata mara moja. Acha mbolea hiyo kabisa, mwagia maji, na majivu ya jikoni konzi mbili kuzunguka shina. Ukibahatika utapata jike baada ya wiki chache.

Mama Shamim, Bombo: Ahsante kwa somo, baba. Na majani je? Hapa nyumbani bila essunsa, mboga ya majani machanga ya boga, hatuli.

*Jibu:* Mama, swali zuri sana. Jani ndilo jiko la boga, kila ulilochuma limepunguza kilo. Lakini vile vitawi tunavyokata hatua ya 4 ndivyo essunsa yenyewe, laini, menya nyuzi upike. Madume yaliyobaki pia yanaliwa. Na panda ensuju ya kawaida upande wa pili kwa ajili ya mboga tu.

Mwalimu Okello, Tororo: Nikihifadhi mbegu za boga hili, mwakani nitapata boga lile lile? Na chavua ya jirani inaharibu boga la sasa?

*Jibu:* Mwalimu, boga la sasa haliharibiki, nyama na ganda ni vya mama. Mbegu za ndani ndizo zinazochukua damu ya baba. Ukitaka mbegu safi, jioni moja kabla ya kufunguka, ua jike na madume unayotaka vifunge ncha kwa uzi. Asubuhi fungua, pakaza, funga tena nyuki asiingie. Andika tarehe kwenye kijiti, uchomeke hapo.

Mwalimu Okello: Na nzi wa matunda? Viboga vyangu vinaoza na funza ndani.

*Jibu:* Kivishe kiboga mfuko wa chandarua cha zamani jioni ile ile ya siku uliyopakaza. Kilichooza usikitupe kando ya shamba, kifunge kwenye kavera jeusi juani siku kadhaa mpaka funza wafe.

Hussein M.: Linaliwa au la maonyesho tu?

*Jibu:* Linaliwa, lakini lina maji mengi na utamu kidogo. Kwa futari chukua ensuju. Sisi lile la kilo 83 tuligawia majirani tisa wakapika na karanga.

Mama Shamim, Bombo: Mbegu zake msitupe. Ukishaweka za kupanda, zilizobaki osha ute wote, anika kwenye ungo, kaanga bila mafuta, twanga na karanga. Mboga inabadilika kabisa.

*Jibu:* Mama, unaanika juani au kivulini? Zangu zilishika ukungu.

Mama Shamim, Bombo: Za kula, juani. Za kupanda, kivulini penye upepo, na uzigeuze asubuhi na jioni mpaka ukiikunja moja ivunjike. Ukungu huja ute ukibaki.